UZI: Kutafuta mkutano wa AA na namna ya kukaa humo – Tanzania, Kenya na kwa walio mbali

#1 ChaiYaRangi (Arusha)

Wakuu, salaam. Swali la mikutano ya kuacha pombe linarudi humu kila mara, na majibu yake yametapakaa kwenye nyuzi tofauti, mengine yana namba za simu zilizokwisha kufa. Nimefungua uzi huu tuyaweke pamoja. Ombi langu moja: historia za maisha tuziache kwa mikutano yenyewe, hapa tupeane utaratibu. Mtu anayesoma saa nane usiku huku mikono inatetemeka anataka kujua aende wapi, saa ngapi, na akifika mlangoni aseme nini.

Kwa asiyejua: AA, yaani Alcoholics Anonymous, ni ushirika wa watu walioshindwa na pombe, wanaosaidiana kukaa bila kunywa. Ulianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, pale Bill Wilson, dalali wa hisa, alipokutana na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Si hospitali, si kanisa, si mradi wa wafadhili. Hakuna kiingilio, ada wala fomu. Sharti la kuwa mwanachama ni kutaka kuacha kunywa, basi. Hata aliyekunywa asubuhi ya leo anaingia. Vikundi vingi vitamwomba tu asizungumze siku hiyo, asikilize.

Sasa kutafuta. Tovuti ya aa.org ina ukurasa wa kutafuta mikutano kwa nchi, na kuna programu ya simu inaitwa Meeting Guide. Hiyo programu imejaa mikutano ya Marekani na Kanada. Huku kwetu usishangae ikikuonyesha ramani tupu. Ramani tupu haimaanishi mji wako hauna mkutano. Vikundi vyetu vingi havijajisajili popote, na vilivyojisajili vikihama ukumbi hakuna anayekumbuka kurekebisha tangazo.

Kwa hiyo njia inayofanya kazi ni ya kuuliza watu. Kenya, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Taja mji na mtaa wako, omba kituo cha ushauri kilicho karibu, kisha kituo hicho ndicho ukiulize habari za mikutano. Tanzania, nenda idara ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa au ya rufaa. Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe. Ukifika, usimwulize daktari peke yake. Mtafute ofisa ustawi wa jamii, maana ndiye anayehangaika na mgonjwa akishatoka wodini na ndiye anayejua nani anakutana wapi. Soba hausi (nyumba wanamokaa wanaoacha ulevi) yoyote iliyo karibu nawe nayo iulize, hata kama huna mpango wa kulala humo. Wahitimu wao lazima wawe na mahali wanapokutana.

Ukishapata tangazo usikimbilie kwenda. Tuma ujumbe, uliza mambo manne: bado mnakutana? Mkutano ni wa wazi au wa ndani? Lugha gani? Getini niseme nini? Swali la mwisho watu wanaliona dogo mpaka siku askari anapowauliza "unaenda kwa nani?" mbele ya foleni ya waumini wanaotoka kwaya.

Wa wazi maana yake yeyote anaruhusiwa kuketi: mke, ndugu, mwanafunzi wa uuguzi, mwandishi. Wa ndani ni kwa wenye tatizo la pombe tu. Mgeni wa kwanza mwenye shida yake mwenyewe anaruhusiwa kote kuwili.

---

#2 NesiWaZamu (Mwanza)

Kabla watu hawajaanza kuhesabu siku, naomba hili lisomwe kwanza. ChaiYaRangi, ukiweza lipandishe juu kabisa.

Mkutano hautibu mwili. Anayekunywa kila siku, hasa anayehitaji kutoa lock (kunywa tena) asubuhi ili mikono itulie, asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Pombe ni miongoni mwa vilevi vichache ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kuua.

Mpangilio wake huwa hivi. Saa 6 hadi 24 baada ya tungi la mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kukata. Ndani ya saa 48 za mwanzo: hatari ya degedege. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne: kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kutojua uko wapi, homa na presha kupanda. Hiyo hatua ya mwisho ni dharura, haisubiri kupambazuke. Nyumbani mara nyingi husemwa "malaria imepanda kichwani" au "kachezewa", mgonjwa anapelekwa kwingine na muda unapotea.

Ukimpeleka hospitali, mwambie mganga sentensi mbili bila aibu: anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho alikunywa saa ngapi. Bila hizo wanatibu kitu kingine. Kawaida watampa dawa ya jamii ya diazepam kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 (thiamini), hasa kwa sindano. Thiamini inatakiwa itangulie dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikiingia kwenye mwili usio na B1 inaweza kuuharibu ubongo. Ndugu anayeuguza ana haki ya kuuliza kwa upole, "dada, ya B1 ameshapata?"

Msinunue diazepam duka la dawa mkajipimia wenyewe. Ikikutana na pombe tumboni inazimisha pumzi.

Aliyewahi kupata degedege alipoacha zamani, mwenye ini bovu, mjamzito na mzee: hao waanzie hospitali moja kwa moja, hata kama safari hii dalili ni ndogo. Mwili ukishatulia, siku nne au tano hivi, mkutano ndipo unapoanza kazi yake.

---

#3 Katibu_Jumanne (Nairobi)

Nesi amesema. Mimi niongezee cha kufanya ukifika, maana wengi hutoroka kwa kutojua kinachofuata.

Fika robo saa mapema. Anayekuja mkutano umeshaanza hulazimika kupita mbele ya watu wote, na anayefika mapema hupewa chai na mtu mmoja wa kumzoea kabla chumba hakijajaa. Mikutano mingi huchukua saa moja, mingine saa moja na nusu. Ratiba haibadiliki sana popote uendapo duniani: kimya kifupi au Sala ya Utulivu, utangulizi wa AA unasomwa, Hatua Kumi na Mbili (njia ya AA ya kuacha pombe) zinasomwa, pengine na Desturi Kumi na Mbili (kanuni za kuendesha vikundi). Kisha mwenyekiti anauliza kama kuna mgeni. Unaweza kusema jina lako la kwanza, au jina lolote unalotaka kuitwa, na ukaishia hapo. Neno "mimi ni mlevi" watu hulisema, lakini hakuna atakayekulazimisha. Zamu ikikufikia na huna la kusema: "Asanteni, leo nasikiliza." Inatosha, na hakuna atakayegeuka kukutazama.

Kushea, yaani kusimulia yako, ni dakika tatu hadi tano kwa mtu. Hapo kuna sheria moja inayowashangaza wageni: hakuna kujibizana. Ukimaliza, watu wanasema "asante" na mwingine anaanza, hata kama umesema jambo zito. Wengine hudhani wamepuuzwa. Ni makusudi. Chumba kikianza kutoa ushauri kinageuka baraza la wazee, na mtu wa mwisho kuongea ni yule aliyekuja na shida kubwa. Ushauri hutolewa nje, baada ya mkutano, ana kwa ana.

Kikapu kitapita. Ni kwa ajili ya kodi ya chumba, majani ya chai na vitabu. Mgeni hatarajiwi kutoa, pitisha tu.

Mikutano mingine hutoa sarafu ndogo za plastiki za muda uliokaa bila kunywa: saa 24, mwezi, miezi miwili, mitatu, sita, mwaka. Ikiitwa ya saa 24 na unaitaka, inuka uichukue. Si kiapo.

Mwishoni husimama duara, wengine hushikana mikono, sala inasomwa. Ukipenda simama kimya.

Halafu sasa, dakika kumi na tano baada ya mkutano ndizo zenye maana kuliko saa nzima iliyopita. Usiondoke. Omba namba tatu za simu, za watu wa jinsia yako. Jioni hiyohiyo mpigie mmoja wao hata kama huna la kusema, ili siku ya shida simu isiwe ngeni. Anayetoka mbio na salamu ya mkono tu huwa harudi mara ya tatu, hili kila katibu atakuambia.

Jambo jingine, na hili tulitaje wazi: kuna watu huvizia wageni, hasa akina dada wapya, kwa "msaada" wa usiku usiku. Si wengi lakini wapo kila mji. Ndiyo sababu nikasema namba za watu wa jinsia yako. Ukisumbuliwa mwambie katibu au mama mkongwe yeyote wa kikundi, atalishughulikia.

Na usihukumu kwa mkutano mmoja. Nenda angalau sita, katika vikundi tofauti kama mji unavyo. Kuna vikundi vya wazee wanaonong'ona, kuna vya vijana wanaocheka kupita kiasi, kuna vya kusoma kitabu aya kwa aya.

---

#4 Msomaji_Kimya

Wakuu asanteni. Mimi ni mtumishi wa umma, mji mdogo, kila mtu anamjua kila mtu. Hiyo siri inalindwaje kweli? Maana huku hata kipimo chako cha malaria mtaa unajua kabla yako.

---

#5 Katibu_Jumanne

Ndugu, siri inalindwa na ukweli kwamba kila aliyeketi humo ana siri ileile. Lakini kuna matundu, na yote ni ya kisasa, hayamo kwenye desturi za zamani za AA.

La kwanza ni kitabu cha wageni getini. Maboma mengi hapa Nairobi askari anakuandikisha jina, namba ya kitambulisho na unakokwenda. Uliza kikundi mapema: vingi vimeelewana na mwenye ukumbi watu waseme "chumba cha nyuma" au "mkutano wa saa kumi na moja na nusu", basi.

La pili ni M-Pesa. Watu wanatuma mchango kwa simu ya mweka hazina, na ujumbe unamfikia ukiwa na jina lako la usajili. Kwa jina moja la mkutanoni unakuwa umeongeza mawili ya kitambulisho. Toa noti kikapuni, au usitoe.

La tatu ni kundi la WhatsApp. Ukiingizwa, namba yako na picha yako ya wasifu wanaziona wote, na bosi wako akiwa humo mnakutana huko kabla hamjakutana chumbani. Badilisha mpangilio wa picha ionekane kwa watu uliohifadhi tu, na ule wa nani anaweza kukuongeza kwenye makundi. Namba za wenzako hifadhi kwa jina la kwanza, usiandike "Otieno AA". Simu ikiita mezani ofisini imesoma kila mtu.

Kwa mji mdogo wengine huchagua mkutano wa mji wa jirani, nauli ya basi tu. Au mtandaoni, kamera imezimwa na jina limebadilishwa kabla ya kuingia. Zoom hujaza jina la akaunti yako lenyewe, kwa hiyo litazame kabla ya kubonyeza kujiunga.

---

#6 Bint_Mkunazini (Unguja)

Assalaam aleikum. Niseme ya kwetu visiwani. Huku soba hausi zilianza kwa ajili ya unga (heroini), kwa hiyo mikutano utakayoikuta ni ya NA (Narcotics Anonymous, ya walioshindwa na dawa za kulevya) zaidi kuliko AA. Msirudi nyumbani kwa sababu hiyo. NA ilianzishwa California mwaka 1953, hatua zake ni zilezile kumi na mbili, na kwao pombe ni kilevi kama vingine. Mwenye shida ya pombe peke yake anapokelewa bila swali. Tofauti ni maneno: AA watu huzungumzia pombe, NA huzungumzia uraibu kwa ujumla na husema "niko klini", yaani situmii. Zingatieni tu kwamba kliniki za methadoni hazihusiki hapa. Methadoni ni ya heroini, si ya pombe.

Swali la pili ninaloulizwa sana: Muislamu anaingiaje mahali panaposomwa sala ya Kikristo? Hatua zinataja Mungu "kadiri tunavyomwelewa", hazitaji dini. Baadhi ya vikundi hufunga kwa Baba Yetu kwa mazoea ya wenyeji wake. Unasimama kimya, au unamwomba katibu kabla mfunge kwa Sala ya Utulivu ambayo haina jina la dini yoyote. Wengi hukubali papo hapo. Pia kuna Millati Islami, ushirika ulioanzia Baltimore mwaka 1989, umezipanga hatua kumi na mbili kwa misingi ya Kiislamu. Maandishi yake ni ya Kiingereza lakini yanafaa kwa anayesita.

Aibu kwetu ni mara mbili, ya ulevi na ya haramu, ndiyo maana mtu hujificha mpaka ini linaoza. Kwa dada aliyeko kazini Muscat au Dubai: usimtafute mtu wa kukusindikiza kwenye mkutano kupitia mwajiri. Tumia wa mtandaoni, sauti tu, siku yako ya mapumziko.

---

#7 Pima_Kwanza (Dar)

Nitasema ambalo wengine hawasemi. Hii AA ni dini tu iliyovaa koti jingine. Na nawaona watu wanaenda mwaka mzima kisha wanarudi baa. Ushahidi uko wapi?

---

#8 ChaiYaRangi

Swali halali mkuu, na jibu lipo. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Waliounganishwa na AA kwa utaratibu maalumu, mwaka mmoja baadaye 42 kati ya 100 walikuwa hawajanywa kabisa. Waliopata tiba nyingine zinazoheshimika, ikiwemo tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mwenendo, ni 35 kati ya 100. Kwa hiyo ndiyo, zaidi ya nusu walikunywa tena. Hakuna dawa ya pombe duniani yenye namba za kupendeza. Angalia pia kwamba waliofaidika walisaidiwa kuunganishwa: mshauri alipiga simu mbele yao, mwanachama akawafuata. Kumpa mtu karatasi ya anwani na kumwambia "nenda" ni kitu kingine.

Kuhusu dini, hukukosea kabisa, lugha ya hatua ni ya kiimani. Usiyeitaka, kuna SMART Recovery, ilianza 1994. Haina nguvu ya juu (Mungu kadiri kila mtu anavyomwelewa), haina sponsa (mwanachama mzoefu wa kukupitisha kwenye hatua). Mkutano unaongozwa na mtu aliyepata mafunzo, mnajaza mazoezi ya karatasi: faida na hasara za kunywa, nini kilitangulia hamu, namna ya kuipitisha bila kuitii. Na kule kujibizana kunaruhusiwa. Mikutano yao ya mtandaoni ni bure. Wapo wanaotumia vyote viwili.

---

#9 Mama_Wawili (Moshi)

Samahani naingilia. Mwenye shida ni mume, na hataki kusikia habari za mkutano. Kuna dawa ya unga inauzwa sokoni unaweka kwenye chakula anaichukia pombe mwenyewe. Inafaa? Na mimi nafanyaje nikisubiri?

---

#10 NesiWaZamu

Dada, usiweke chochote kwenye chakula chake. Ya sokoni hujui ina nini. Na ile ya hospitali inayoitwa disulfiram kazi yake ni kumfanya mtu aumwe akinywa: uso kuwaka, kutapika, presha kushuka, moyo kwenda ovyo. Hupewa mtu anayejua na amekubali, baada ya kupimwa ini na moyo, na akishakaa angalau saa 12 bila pombe. Ukimpa kwa siri naye akanywa mbege kama kawaida yake, anaweza kukufia mezani. Kuna dawa nyingine za kupunguza hamu, naltreksoni na akamprosati, hizo nazo ni za daktari.

---

#11 Katibu_Jumanne

Na wewe mwenyewe dada una mkutano wako: Al-Anon, ulianza 1951, ni wa wake, waume, wazazi na ndugu. Humo hamfundishwi namna ya kumwachisha. Wanakuambia mambo matatu kwanza: hukuusababisha ulevi wake, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Baada ya hapo mnaingia kwenye mambo ya kufanya: kutomlipia deni la kilabuni, kutompigia bosi wake kusema anaumwa, namba ya nani utampigia akirudi na fujo. Watoto wa umri wa sekondari wana tawi lao, Alateen. Ya ana kwa ana ni michache huku kwetu, ya mtandaoni ipo kila siku.

Akikupiga, hilo si jambo la mkutano, dada. Nenda dawati la jinsia la polisi.

---

#12 Mkulima_wa_Njombe

Huku kwetu hakuna AA, NA wala hiyo nyingine. Kuna ulanzi (pombe ya mianzi). Tuko watatu tunaotaka kuanzisha. Tunaomba mwongozo, tusije tukafungua kitu kikafa baada ya mwezi.

---

#13 ChaiYaRangi

Watatu ni wengi. Wawili wanaotaka kukaa bila pombe wakikutana kwa ajili hiyo, wanaweza kujiita kikundi cha AA, ili mradi hakijafungamana na chombo kingine.

Siku na saa kwanza, kabla ya ukumbi. Chagua siku moja, saa moja, msiibadilishe kwa miezi sita hata mvua inyeshe. Kikundi kinachohamahama siku kinapoteza wageni wasio na simu, na hao ndio wengi. Kwa mji wa ulanzi, weka saa ambayo kilabu kinachangamka. Kenya sheria ya 2010 iliweka baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na mkutano unaweza kupangwa muda huohuo.

Ukumbi: darasa la chekechea, chumba cha parokia, ofisi ya kijiji baada ya kazi. Lipieni, hata kidogo. Tuseme chumba ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Watu wanane wakiweka 1,000 kila wiki zinapatikana 32,000, kodi inatoka na chai inabaki. Mkipewa bure, baada ya muda mwenye chumba anakuwa mwenyekiti. Paroko akikaribishwa kufungua kwa sala, wiki ya tatu ni ibada. Nampenda paroko wangu, lakini hapana.

Nafasi tatu zinatosha: mwenyekiti wa kuendesha siku hiyo (azungushwe kila mwezi), mweka hazina, na wa chai. Msidharau wa chai. Mpeni kazi hiyo mtu mpya mwenye wiki mbili tatu. Anayeshika ufunguo na birika lazima aje.

Ratiba ya saa moja: dakika 5 kimya na utangulizi, 10 kusoma hatua na aya moja, 40 kushea, 5 matangazo na kikapu. Mkiwa watatu kushea kutaisha dakika ya ishirini. Msijaze kwa hotuba. Someni tena, au kaeni kimya, au malizeni mapema.

Sasa yanayoua vikundi vya huku. La kwanza posho. Shirika litasikia, litakuja na karatasi ya mahudhurio na nauli ya 5,000 kwa kichwa. Wiki hiyo mtakuwa arobaini. Mradi ukiisha, hata wale watatu wa mwanzo hawatakuja bure tena. Desturi ya saba inasema kikundi kijitegemee kwa michango ya wanachama, kataeni kwa heshima.

La pili kikoba. Kwa kuwa mmeshaaminiana na mnakutana kila wiki, mtu atapendekeza mkopeshane. Mwanachama akidaiwa haji mkutanoni, na asipokuja anakunywa. Kikoba kiundeni na watu wengine, siku nyingine.

La tatu mtu mmoja mwenye ufunguo, daftari, simu na neno la mwisho. Akiteleza yeye, kikundi chote kinafuata. Ufunguo wa pili uwe kwa mtu mwingine tangu wiki ya kwanza.

Mkishatulia, iandikieni ofisi ya huduma ya AA New York mjiorodheshe; ni bure. Sponsa msipate shida: tafuteni wa muda kupitia mikutano ya mtandaoni, mtu mwenye mwaka au zaidi bila pombe na aliyepitia hatua zote na sponsa wake. Hakopeshi, hakai nawe, hakutafutii kazi. Kazi yake ni kukupitisha kwenye hatua na kupokea simu.

---

#14 Mtu_wa_Columbus (Ohio)

Kwa ndugu zetu wa huku Marekani waliokamatwa wakiendesha na wamelewa: hakimu anaweza kukuagiza uhudhurie idadi fulani ya mikutano na ulete karatasi yenye saini. Utaratibu ni kumpa katibu karatasi kabla ya kuanza, au kuiweka kikapuni kama kikundi kinafanya hivyo, na kuichukua mwisho. Usiondoke katikati, vikundi vingi vinasaini mwishoni tu. AA haipeleki taarifa mahakamani, karatasi unabeba mwenyewe, na kila kikundi kina hiari ya kusaini au la. Muulize pia ofisa wako wa uangalizi kama mikutano ya mtandaoni inahesabiwa, si kila mahakama inaikubali. Kama dini ni tatizo, uliza kama SMART inakubalika kabla hujaanza kukusanya saini.

Asiyejua Kiingereza vizuri achague mkutano wa wazi, huko anaruhusiwa kuja na ndugu wa kumtafsiria. Mkae nyuma, mnong'one.

---

#15 Bint_Mkunazini

Naomba tuweke na saa, maana hapo ndipo watu wanapopotea mtandaoni. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Mkutano wa saa 20:00 New York ni saa tisa usiku kwetu majira yao ya joto, na saa kumi alfajiri majira yao ya baridi. Huo mwachie mlinzi wa zamu. Tafuteni ule wao wa mchana, saa 12:00: kwetu ni saa moja jioni, na kuanzia Novemba hadi Machi ni saa mbili usiku. London saa 19:00 ni saa tatu usiku, baridi saa nne. Afrika Kusini hawabadilishi saa, 19:00 yao ni saa mbili usiku kwetu mwaka mzima. Na kwa walio Goma, Lubumbashi, Bujumbura na Kigali, saa yao na ya Johannesburg ni moja.

Bando: ukizima kamera na kusikiliza tu, saa nzima haifiki MB 100. Ukiacha video za watu thelathini zicheze inaweza kukaribia GB 1. Kwenye Zoom zima video zinazoingia pia, si yako peke yake.

---

#16 ChaiYaRangi

Shukrani Bint. Hapo kwenye saa niongeze: kuna tangazo humu limeandikwa "kila Alhamisi saa 7 jioni". Mwandishi alitafsiri saa ya simu yake, msomaji akafika mchana saa saba akakuta kufuli. Kwa hiyo kuanzia sasa anayeweka mkutano kwenye uzi huu aandike hivi, nami nitakuwa napandisha orodha posti ya kwanza:

Mji na mtaa (usiweke namba ya chumba). Siku. Saa kwa Kiswahili na kwa tarakimu za saa 24, mfano: saa kumi na mbili jioni, 18:00. AA, NA, Al-Anon au SMART. Wazi au wa ndani. Lugha. Mwezi na mwaka ulipohakikisha bado upo.

Namba za simu za watu binafsi msiweke hadharani, nitazifuta. Tumeni kwa ujumbe wa ndani. Tangazo lolote likizidi miezi mitatu bila mtu kulithibitisha naliondoa kwenye orodha.